Hitilafu za Umeme katika Breki za Tela: Istilahi na Matumizi

Tela (ngeli ya LI-YA, wingi matela) ni chombo cha magurudumu kisicho na injini yake, kinachovutwa na gari au trekta. Tahajia trela nayo hutumika, na mwandishi anaweza kuchagua mojawapo mradi asizichanganye katika matini moja. Kidhibiti cha breki za tela ni kifaa cha umeme kinachoamua wakati na kiasi cha nguvu ambacho breki za chombo hicho zitashika. Makala haya yanaeleza maneno yanayohitajika katika kuandika, kutafsiri na kufundisha utafutaji wa hitilafu za umeme katika mfumo huo, na yanaonyesha mahali ambapo tafsiri iliyo safi kisarufi inaweza kumpotosha fundi.

Mwongozo wa kutafuta hitilafu ni matini ya aina yake. Msomaji wake hajakaa kitini. Amelala chali chini ya tela, mkono mmoja umeshika mita na mwingine umeshika waya. Hasomi ukurasa mzima ili apate maana ya jumla. Husoma sentensi moja, akaitenda, kisha akasoma inayofuata. Sentensi moja ikimtuma mahali pasipo, kosa hilo halisahihishwi na aya inayofuata, kwa maana kufikia hapo waya umeshaunganishwa na tela lenye tani kadhaa linasubiri mteremko.

Mifano ya makala haya imewekwa Nandagala, kata ya Wilaya ya Ruangwa mkoani Lindi. Reli ya kusini iliyojengwa kwa ajili ya Mpango wa Karanga mwishoni mwa miaka ya 1940, na iliyofika hadi Nachingwea, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tangu hapo korosho, ufuta na mbaazi za ukanda huo husafirishwa kwa barabara. Kwa hiyo lugha ya malori, ya matela na ya breki ni lugha ya kila siku huko, wala si msamiati wa wataalamu wachache. Mwanafunzi wa Tanzania hukutana na umeme kwa Kiswahili katika shule ya msingi, hukutana nao tena kwa Kiingereza katika fizikia ya sekondari, kisha akienda gereji huukuta kwa Kiswahili cha mafundi. Mfasiri anapaswa kuzijua njia zote tatu.

Hitilafu, kasoro, dalili

Hitilafu ni hali ya kifaa kushindwa kufanya kazi kinavyotazamiwa. Kasoro ni upungufu ambao unaweza kuwapo hata kifaa kikiwa bado kinafanya kazi: ganda la waya lililochubuka ni kasoro, na siku waya huo utakapogusa chuma na kuunguza fyuzi, kasoro itakuwa imezaa hitilafu. Dalili ni kile dereva anachokiona au kukisikia. Dereva akiingia gereji na kusema, «Fundi, tela halishiki,» ametoa dalili. Bado hajataja hitilafu, seuze chanzo chake.

Baadhi ya tafsiri za miongozo hutumia «utatuzi wa matatizo» kama kichwa cha sehemu hii ya kitabu. Maneno hayo yanaruka hatua. Sehemu kubwa ya kazi ni kujua kilichoharibika, na kukitengeneza huja baadaye. «Utafutaji wa hitilafu» ni sahihi zaidi, na kila fundi analielewa kwa kulisikia mara moja.

Kidhibiti kiko wapi?

Kuna mifumo miwili inayoitwa kwa jina moja, na mfasiri asiyeitenganisha mapema atapotoka tangu ukurasa wa kwanza.

Mfumo wa kwanza ni wa breki za umeme. Umeenea Marekani Kaskazini kwenye matela mepesi na ya kati, kama vile ya mashua, ya farasi na ya nyumba za matembezi, yanayovutwa na magari ya volti 12. Kidhibiti hukaa ndani ya gari linalovuta, kwa kawaida chini ya dashibodi. Dereva akikanyaga breki, swichi ya pedali hukijulisha, nacho hupeleka umeme hadi kwenye sumaku-umeme zilizo ndani ya magurudumu ya tela. Sumaku hung'ang'ania uso wa dramu inayozunguka, huvutwa nao, na mkono ulioishika husukuma breki shuu zigandamize dramu. Vidhibiti vya aina rahisi huongeza nguvu kadiri sekunde zinavyopita tangu pedali ikanyagwe. Vilivyo bora hupima jinsi gari lenyewe linavyopunguza mwendo na kulilinganisha tela nalo.

Mfumo wa pili ndio unaopatikana kwenye malori makubwa yanayobeba korosho. Breki zake ni za upepo. Kompresa ya gari hujaza matangi, na mipira miwili huunganisha kichwa na tela: mwekundu hupeleka upepo wa kujaza tangi la tela, wa manjano hupeleka amri ya kushika. Umeme hapa haukandamizi chochote. Kazi yake, mbali na taa, ni kuendesha ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasigande yakaburuzika, na katika matela mapya zaidi EBS, ambamo amri ya breki husafiri kwa umeme pamoja na upepo. Kidhibiti cha ABS ya tela kimefungwa kwenye tela lenyewe, karibu na ekseli.

Hapo ndipo kiunganishi -a kinapobeba uzito wake wote. «Kidhibiti cha breki za tela» humaanisha kifaa kinachozidhibiti breki za tela, popote kilipo. «Kidhibiti breki cha tela» humfanya msomaji akitafute kwenye tela, kwa kuwa cha tela inaeleza kidhibiti. Kwa mfumo wa Marekani maneno haya ya pili ni potofu. Kwa ABS yanaweza kupita. Fundi aliyepewa tafsiri ya kwanza iliyoandikwa kwa maneno ya pili atapoteza asubuhi nzima akipapasa fremu.

Tofauti ya mifumo hii hubadilisha pia ukweli wa sentensi. «Umeme ukikatika, tela halina breki» ni kweli kwa breki za umeme. Kwa tela la upepo lenye ABS si kweli: taa ya onyo itawaka, magurudumu yanaweza kuganda kwenye utelezi, lakini breki za kawaida zitashika. Na «tela likichomoka, breki hujifunga zenyewe» ni kweli kwa tela la upepo, kwa sababu mpira mwekundu ukikatika vali ya tela huzifunga breki. Katika breki za umeme, waya ukikatika breki huachia, ndiyo maana matela hayo hupewa betri yao ndogo na swichi ya dharura yenye pini iliyofungwa kwa kamba kwenye gari. Tela likichomoka, kamba huvuta pini, na betri hupeleka umeme kwenye sumaku. Jina la swichi hiyo halijatulia katika Kiswahili. «Swichi ya dharura ya tela kuchomoka» ni refu lakini halidanganyi.

Kufunga, kushika, kuachia

Hakuna kitenzi chenye hatari zaidi katika matini za breki kuliko funga. «Funga breki» inaweza kumaanisha kanyaga pedali ili magurudumu yasimame, au pachika breki mpya mahali pake, au hata kaza boliti zake. Katika mazungumzo muktadha hutatua utata huo. Katika mwongozo, ambamo «funga kidhibiti», «funga waya» na «funga breki» zinaweza kufuatana katika mistari mitatu, muktadha wenyewe ndio unaouzidisha.

Ugawaji ufuatao unafaa. Kwa tendo la dereva, tumia kanyaga breki na achia breki. Kwa hali ya breki yenyewe, tumia shika: breki imeshika, breki haishiki, breki inashika upande mmoja. Kwa kuweka kifaa mahali pake, tumia pachika, au funga ikiambatana na mahali: funga kidhibiti chini ya dashibodi. Kwa boliti na nati, kaza na legeza. Kitenzi sakinisha kimezoeleka kwa programu za kompyuta, na kukileta hapa humfanya fundi acheke bure.

Kinyume chake, fungua, kina utata uleule: «fungua breki» ni kuziachia au kuzibomoa? Andika «achia breki» kwa la kwanza na «fungua dramu» kwa la pili.

Kirejeshi -ji- ni hazina katika kueleza dalili. «Breki zimefungwa» haisemi nani amezifunga. «Breki zimejifunga» inasema wazi kwamba hakuna aliyekanyaga pedali, na kwa fundi hiyo ni nusu ya uchunguzi. Katika breki za umeme, breki zinazojifunga humwelekeza kwenye waya wa kulishia breki unaogusana na waya mwingine wenye umeme, kwenye swichi ya dharura ambayo pini yake imetoka, au kwenye swichi ya pedali iliyokwama.

Kukatika kwa breki na kukatika kwa waya

«Gari limekatika breki» ni sentensi ambayo baadhi ya walimu huisahihisha kwa kalamu nyekundu, wakidai kwamba kinachokatika ni breki na si gari. Haistahili kusahihishwa. Muundo wake ni ule wa «mtoto amevunjika mguu»: mwenye kiungo huwa kiima, na kiungo hubaki nyuma ya kitenzi bila upatanisho. Ni Kiswahili fasaha na cha zamani. Kasoro yake katika matini ya ufundi ni nyingine: maana yake ni kwamba breki zimeshindwa kabisa, kwa sababu yoyote ile, na hakuna lazima kitu chochote kiwe kimekatika. Mfasiri akiandika «breki zimekatika» akikusudia kwamba umeme haufiki kwenye sumaku, fundi anaweza kwenda kuangalia mipira ya upepo.

Andika kinachokatika: waya umekatika, umeme wa breki umekatika, mpira wa upepo umekatika. Na hapa kauli za kitenzi zina kazi. «Waya umekatika» ni hali, bila mtendaji. Huenda ulichakaa, ulivutwa au uliliwa na kutu. «Waya umekatwa» kuna aliyeukata, labda fundi aliyetangulia. «Waya umekata umeme» kwa kawaida humaanisha umeme haupiti ingawa waya kwa nje unaonekana mzima, na hali hiyo ndiyo ngumu zaidi kuitambua kwa macho. Mwalimu wa sarufi anayetafuta mfano hai wa tofauti kati ya kauli ya kutendeka na ya kutendwa hahitaji kwenda mbali.

Waya kupiga shoti ni kukutana kwa njia ya umeme na njia ya kurudi kabla umeme haujafika kwenye kifaa. Neno shoti limekwisha kuwa Kiswahili, na jaribio la kuliondoa kwa maelezo kama «mguso mfupi wa saketi» haliongezi chochote. Fyuzi na balbu huungua. Waya huungua pia, lakini waya ulioungua ni jambo la kutisha kuliko fyuzi iliyoungua, ambayo imefanya kazi iliyowekewa. Umeme kuvuja ni hali ya unyevu au ganda bovu kuruhusu umeme kidogo upite pasipostahili, bila fyuzi kuungua.

Kuhusu waya wenyewe: kamusi huuweka katika ngeli ya U-ZI, wingi nyaya, na mapokeo hayo yafuatwe katika maandishi rasmi. Gereji nyingi husema «waya imekatika» na «waya zimekatika». Mfasiri asishangae kusikia hivyo, wala asimsahihishe anayemhoji.

Ardhi ambayo haipo

Kamusi zinapoeleza sehemu ya umeme inayorudi, tafsiri inayojitokeza mara nyingi ni ardhi. Kwa nyumba inafaa, kwa kuwa kuna nondo iliyozikwa udongoni. Kwa gari haifai kabisa. Gari limekaa juu ya matairi ya mpira, na umeme wake hurudi kwenye betri kupitia fremu na bodi. Maelekezo kama «unganisha waya mweupe na ardhi» yanaweza kuonekana mzaha, lakini msomaji mwaminifu anaweza kuyatii. Mafundi husema ethi au bodi: tia ethi, ethi imekufa, waya wa ethi. Maandishi rasmi yanaweza kusema njia ya kurudi au upande wa hasi, na mara ya kwanza yakaongeza kwamba ndiyo ethi ya mafundi.

Jambo hili linastahili nafasi kwa sababu ethi mbovu ni chanzo cha hitilafu nyingi za tela. Ndoano ya kuvutia ni chuma, na mtu hudhani umeme utarudi kupitia hapo. Kwa kweli ndoano ina grisi, vumbi na kutu, na hugusana kwa kuchezacheza. Ndiyo maana tela huwekewa waya maalumu wa kurudi. Waya huo ukilegea, umeme hutafuta njia nyingine kupitia balbu za taa nyingine, na dalili huwa za ajabu: dereva akiwasha endiketa, taa za nyuma hupepesa, akikanyaga breki, taa huwaka hafifu na sumaku hazivuti vizuri. Ili kuipima, mita huwekwa kwenye kipimo cha volti, ncha moja ikiwa kwenye hasi ya betri ya gari na nyingine kwenye fremu ya tela, huku msaidizi amekanyaga breki. Mita ikionyesha zaidi ya takriban nusu volti, njia ya kurudi ina tatizo. Kipimo hiki kikifanyika bila breki kukanyagwa hakionyeshi kitu, kwa hiyo mfasiri akidondosha «huku msaidizi amekanyaga breki» ameua kipimo kizima.

Rangi za nyaya

Katika kidhibiti cha Marekani, waya wa buluu hupeleka umeme kwenye breki za tela, mweusi hutoka kwenye betri, mwekundu huleta ishara ya swichi ya pedali, na mweupe ni wa kurudi. Kwenye plagi ya tela ya mfumo huohuo, manjano ni taa ya kushoto na kahawia ni taa za nyuma. Sasa linganisha na plagi ya ABS ya malori ya volti 24, inayofuata kiwango cha kimataifa cha ISO 7638: pini ya 1, waya mwekundu, ni chanya ya vali, ya 2, mweusi, ni chanya ya kompyuta ya ABS, ya 3, manjano, ni hasi ya kompyuta, ya 4, kahawia, ni hasi ya vali, ya 5, mweupe, ni ya taa ya onyo. Manjano na kahawia ambazo upande mmoja hubeba umeme wa taa, upande wa pili ni njia za kurudi. Mweupe uliokuwa wa kurudi umegeuka kuwa wa taa. Fundi wa Ruangwa aliyepewa tafsiri nzuri ya mwongozo wa Marekani, akaitumia kwenye tela la lori kutoka Ulaya, anaweza kutii kila neno na bado akaharibu. Mfasiri anawajibika kuandika mwanzoni kabisa, kabla ya rangi yoyote kutajwa, kwamba mwongozo unahusu mfumo gani na volti ngapi.

Majina ya rangi yenyewe yana mitego. Buluu itumike kwa rangi hiyo ya waya. Samawati ni rangi ya anga, na msomaji makini atatafuta waya wa buluu mpauko ambao haupo. Hudhurungi hueleweka kwa namna tofauti kwa watu tofauti. Kahawia ina uhakika zaidi. Manjano na njano ni sawa. Upatanisho uangaliwe: waya mwekundu, nyaya nyekundu, lakini waya wa buluu, nyaya za buluu, kwa kuwa buluu hailingani moja kwa moja na nomino.

Vipimo

Volti ni kizio. Volteji ni kiasi kinachopimwa. «Pima volti» inakubalika gereji, ilhali kitabu kiandike «pima volteji». Ampea ni kizio cha mkondo, omu ni kizio cha ukinzani. Ukinzani na mkondo ni maneno ya shule. Fundi wa mtaani anaweza kusema «moto unapita» au «moto haufiki», akikusudia mkondo. Waya wa moto ni waya wa chanya wenye umeme. Mfasiri anaweza kuutumia msemo huo mara moja kama daraja, lakini aepuke kuandika «waya una moto», kwani hapo msomaji hawezi kujua kama waya una umeme, umepata joto, au unaungua.

Sumaku moja ya breki ya kawaida katika mfumo wa volti 12 huwa na ukinzani wa kati ya omu 3 na 4, hivyo huvuta ampea 3 hadi 4 nguvu ikiwa kamili. Sumaku huunganishwa katika mpangilio sambamba. Kwa hiyo tela la ekseli mbili lenye sumaku nne huonyesha kwenye plagi omu 1 au pungufu kidogo, na huvuta ampea 12 hadi 16. Hapa mwanafunzi hushangaa: sumaku zikiongezeka, omu zinapungua. Ni tabia ya mpangilio sambamba, na mfasiri aliyesahau neno hilo akaandika «zimeunganishwa kwa mfuatano» amegeuza hesabu yote.

Amri na masharti

Lugha ya hatua ni fupi: kitenzi cha amri mwanzoni, kitu kimoja kwa sentensi moja. Kauli ya «kaguliwe» na «ipimwe» inafaa kwenye kanuni na mikataba, ambako mtendaji hajulikani. Kwenye mwongozo humwacha fundi akijiuliza kama kazi ni yake au ya mwingine. Sharti litangulie amri. «Ikisoma sifuri, tafuta shoti» humfikia msomaji kwa mpangilio anaoutenda. «Tafuta shoti ikisoma sifuri» humfanya aanze kutafuta kabla hajasoma sharti.

Tahadhari nyingine ni ya kabla. «Kabla hujavuta pini» na «kabla ya kuvuta pini» zina maana moja, ingawa ya kwanza ina kikanushi. Msomaji ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili anaweza kukichukua kikanushi hicho kuwa katazo. Ya pili ndiyo salama. Na pale ambapo mpangilio ni suala la usalama, afadhali kuepuka kabla kabisa na kuziandika hatua kwa mfuatano wake.

Sehemu ifuatayo ni mfano wa matini iliyoandikwa kwa kufuata maelezo haya. Inahusu tela lenye breki za umeme za volti 12, ekseli mbili na sumaku nne, ambalo dereva wake analalamika kwamba breki hazishiki.

«Weka vigingi kwenye magurudumu. Chomoa plagi ya tela kutoka kwenye gari. Kagua pini: kama zina kutu ya kijani au nyeupe, zisafishe, kisha jaribu breki upya kabla ya kuendelea. Breki zikiwa bado hazishiki, chomoa plagi tena. Weka mita kwenye kipimo cha omu. Gusanisha ncha zake mbili na uandike inachosoma. Kiasi hicho utakitoa kwenye kila kipimo. Pima kati ya pini ya waya wa buluu na pini ya waya mweupe kwenye plagi ya tela. Ikisoma karibu omu 1 au pungufu kidogo, sumaku na nyaya za tela zinapitisha umeme. Tafuta hitilafu upande wa gari. Ikisoma karibu omu 2, huenda sumaku mbili kati ya nne hazipati umeme. Ikionyesha kwamba hakuna njia kabisa, waya umekatika au ethi imeachia. Ikisoma sifuri au karibu na sifuri, huenda kuna shoti: tenganisha nyaya za gurudumu moja baada ya jingine, ukipima kila mara. Gurudumu ambalo likitenganishwa kipimo kinapanda ghafla mbali na sifuri ndilo lenye shoti. Kwenye gurudumu hilo, pima kati ya waya wa sumaku na mwili wa sumaku. Pasiwe na njia yoyote ya umeme. Ikiwepo, badilisha sumaku.

«Ili kupima swichi ya dharura: hakikisha plagi ya tela imechomolewa kwenye gari. Inua gurudumu moja la tela kwa jeki, weka stendi, ondoa kigingi chake, ulizungushe kwa mkono. Vuta pini. Gurudumu lisipozunguka tena, swichi na betri ya tela ni nzima. Rudisha pini mara moja.»

Maneno mawili katika mfano huo yaliwekwa kwa makusudi. «Huenda» imetumika pale ambapo kipimo kinaashiria bila kuthibitisha, kwa maana mita ya bei nafuu haitofautishi kwa uhakika omu 0.8 na shoti, na mwongozo usidai zaidi ya kinachojulikana. Vilevile «imechomolewa kwenye gari» imerudiwa ingawa ilikwishasemwa, kwa sababu plagi ikiwa imechomekwa, umeme wa betri ya tela unaweza kurudi nyuma na kukiharibu kidhibiti. Mhariri anayefuta marudio kwa ajili ya ufasaha ayaache hayo.

Hitilafu ya kuja na kuondoka, ile ambayo breki mara zinashika mara hazishiki, haina neno moja. «Hitilafu isiyotulia» inatosha. Mara nyingi chanzo chake ni waya unaopita ndani ya bomba la ekseli na kusuguana na chuma tela linaporuka kwenye mashimo. Tela likisimama gereji, waya unatulia na mita haioni kitu. Maelekezo sahihi ni kuutikisa waya huku mita ikiwa imeunganishwa: «Tikisa waya, kipimo kikirukaruka, hapo ndipo.» Kwa ABS ya malori, dalili inayofanana nayo ni taa ya onyo inayowaka barabara mbovu na kuzimika kwenye lami, na mahali pa kuanzia ni kihisi cha gurudumu, ambacho husogea mbali na pete yenye meno kiasi cha kutoisoma vizuri. Kihisi ndilo neno linalofaa. Sensa, ambalo pia husikika, hugongana na sensa ya watu, na mwanafunzi wa Nandagala aliyewahi kuhesabiwa nyumbani kwao hatakuwa wa kwanza kuuliza inahusiana nini na ekseli.